Mbuzi za mu telefone

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3

Viazi, balance ya kupimia, telefone. Balance, telefone, viazi. Kila mara nikitia mikono mu gunia, telefone inalia. Miwani yangu, kliyenti mumoja munene aliikalia juzi. Bon. Sioni herufi.

Kavira, binti yangu anayesoma informatique, mambo ya kompyuta, amenitilia mashini ya akili ndani ya telefone. Anasema haina macho. Inapiga picha ya écran, uso wa telefone, inaangalia ile picha, inajua wapi pa kufinya, inafinya. Kisha inapiga picha ingine kuona kama imefinya vizuri. Nikamwambia hiyo hapana kitu kipya. Telefone ya kwanza ya Butembo ilikuwa yangu. Batu walitoka Lubero kwa miguu kuja kuisikia ikilia.

Akauliza ijibu batu namna gani. Nikasema: kama mimi. Isome message zangu za zamani, ijifunze mwanaume anaongea namna gani. Kavira akaniangalia muda murefu. Sijue sababu.

Siku ya tatu, tarehe 5

Inafanya kazi! Nilikuwa ninashusha gunia, yenyewe ikamujibu kliyenti: "Viazi vyangu, ukikata kimoja unalisha ndoa nzima." Sauti yangu kabisa. Nikaonyesha majirani. Nikawaambia mimi ndiye nilimushauri Kavira namna ya kuitengeneza. Karibu ni kweli.

Jambo kubwa sasa: Kambale. Mutoto wa marehemu kaka yangu, donc mutoto wangu. Anataka kumuoa Masika, musichana wa Mulekera, kule Beni. Mimi ndiye baba, mimi ndiye kinywa cha jamaa. Safari ya kwanza niliwaambia bazee wao kwamba niko na mbuzi Kipese, mingi mpaka mulima unaonekana umevaa shati nyeupe. Kwetu mahari ni mbuzi. Walifurahi. Nikawaonyesha écran yangu: mbuzi tupu, toka juu mpaka chini.

Mbuzi ni za Muzee Katembo, mufugaji wa Kipese. Lakini picha nilipiga mimi. Nililala mu matope kuipiga.

Siku ya tano, tarehe 7

Mubaya. Mubaya sana.

Bakwe wa Beni waliandika mu groupe ya ndoa: "Muzee, tunakungoja siku ya yenga, tarehe 9. Tuonyeshe kwanza mbuzi zako." Mimi nilikuwa juu ya camion ya magunia. Mashini ikajibu peke yake: "Mbuzi zangu? Mutafute mutu wa kuhesabu, na mwingine wa kumusaidia akichoka." Maneno mazuri. Ningesema vile vile. Mais ikatafuta na ushahidi. Ikaona mbuzi ziko mu écran. Ikapiga picha yake ya écran, ikatuma.

Dakika ile ile, message ya Muzee Katembo ilikuwa imefika. Ilikuwa inaning'inia pale juu, kwa pembe za mbuzi: "Wewe mwanaume wa viazi, toa mbuzi zangu mu telefone yako. Batu wanakuja kuniuliza kama nimekuuzishia."

Groupe nzima imesoma. Hata mama atakayepika gato, ile keki ya ndoa.

Nikamwambia Kavira afute. Amechelewa, wote wamekwisha kuona. "Papa, ulisema ijibu kama weye."

Siku ya posho, jumamosi, tarehe 8

Beni kimya. Hata kidole cha kusema ndiyo, hakuna.

Kambale alikuja. Alikaa. Hakugusa fufu, yeye anayekula kama kambi nzima ya askari. Akasema tu: "Baba mudogo, kuko mwanaume mwingine, wa kakao, anamutaka Masika. Kesho tukiharibu, watamupokea yeye." Akaenda.

Ninaogopa. Sasa nimeandika. Ninaogopa.

Nimelaumu mashini kwa sauti kubwa. Mama Kavira akasema ni kitu cha kwanza mu nyumba hii kusema kweli. Nikaipa telefone imujibu. Na mashini haikunisaidia.

Mbuzi yangu ni moja. Ya pembe moja. Inakula gunia, inaacha viazi.

Siku ya yenga, jumapili, tarehe 9

Beni. Joto. Kambale mbele na moto yake, ile pikipiki, mimi nyuma kwa ingine: motari anaendesha, mbuzi katikati, kisha mimi. Kwa barrière ya barabarani askari aliisalimu mbuzi kabla yangu. Ninaapa.

Bazee walikuwa wamekaa. Hakuna aliyesimama. Nikafungua kinywa. Nyanya yake Masika, mama muzee mufupi wa kitambaa cha kijani, akanyanyua mukono: "Funga, muzee. Leo tunasikiliza telefone."

Akamwambia Masika asome ile picha kwa sauti. Masika akasoma. Alipofika kwa "mwanaume wa viazi" akashindwa na kicheko. Batu walicheka mpaka kuku zikakimbia kiwanja. Kambale alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kisha mama muzee akauliza: za kweli ni ngapi? Nilikuwa na hesabu nzuri tayari, tangu Butembo. Nikamuangalia Kambale. Nikasema: hii hapa.

Mama muzee akasimama. Akaizunguka. Akashika ile pembe. Akafungua midomo yake, akaangalia meno. Akapapasa tumbo. "Iko na mimba," akasema.

Mimi sikujua. Nikasema ndiyo sababu niliichagua.

Wamepokea! Masika ni wetu. Mbuzi zingine Kambale ataleta polepole. Sharti moja: kinywa changu kisitangaze mbuzi tena. Telefone itatuma picha. Bazee wote wakapiga makofi. Sharti lenyewe halinifurahishi.

Siku ya pili ya juma, tarehe 11

Mvua tangu asubuhi. Kliyenti kidogo.

Nimebadilisha picha ya écran. Sasa iko ile ya pembe moja, imefungwa kwa mupapai wa bakwe, Mulekera. Kinaonekana kiatu changu kwa pembeni. Kavira amefundisha mashini upya: iseme tu kile inaona. Nilibisha kidogo, nikaacha.

Saa sita Muzee Katembo aliandika. Alitaka kujua nilipeleka mbuzi ngapi Beni. Mikono yangu ilikuwa mu gunia. Mashini ikapiga picha yake, ikaangalia, ikajibu: "Moja."

Nikanawa mikono. Nikachukua telefone, nikaisogeza karibu na pua, nikaongeza kwa kidole changu mwenyewe:

"Mbili. Ingine iko ndani."