Mgeni wa Maktaba na Kufuli la Bwawa

Jumatano, 2 Agosti

Imethibitishwa! Elizabeth Sandow anakuja tarehe ishirini na tatu, katikati ya Wiki ya Vitabu. Mwandishi mwenyewe, kwa miguu yake, ndani ya maktaba yangu. Waandishi wengine wote wa Australia huishia mjini Mildura au hawaji kabisa. Sisi wa kimji cha Kulkarra hatumo hata kwenye ramani zao.

Ujira, nauli na kitanda chake vimelipwa na soseji. Siku ya uchaguzi, Rodney Kiernan, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, alisimama getini na jiko lake la gesi tangu asubuhi, na hakupita mpiga kura bila kununua mkate, soseji na vitunguu. Nchi ikapata serikali, shule ikapata mwandishi.

Boksi la kitabu chake kipya limefika leo. Nakala za kutosha darasa la tano na la sita. Nimekaa nazo mezani mpaka giza, nikizivalisha nailoni moja moja. Hakuna kiputo hata kimoja cha hewa. Kesho nazigawa.

Ijumaa, 4 Agosti

Watoto wamezichukua kama keki. Tilly Kiernan, binti wa Rodney, alianza kusoma akiwa amesimama mlangoni. Ilibidi nimsogeze wengine wapite.

Rodney kaja na futi ya kupimia. Anatengeneza jukwaa. Nikamwambia maktaba ni ndogo, mgeni atasimama tu kwenye zulia. Akasema, “Mama Vitabu, mgeni wa soseji zangu hasimami kwenye zulia.” Halafu akasema baba yake, Mzee Alf, atakaa kiti cha mbele kabisa. Ndiye mwenye umri mkubwa kuliko wanafunzi wote wa zamani wa shule hii waliobaki hai. Mwalimu mkuu amefurahi, anataka picha ya gazeti.

Mimi bado sijakisoma kitabu. Wikendi.

Jumapili, 6 Agosti

Mungu wangu.

Nimekisoma chote, miguu juu ya hita, chai ikapoa. Ni habari ya msichana wa shamba, mwaka wa ukame mkubwa. Baba yake na jirani wanatumia bwawa moja. Liko upande wa jirani, lakini lango halijawahi kufungwa, hakuna aliyefikiri lingefungwa. Mvua inakata. Asubuhi moja msichana anawapeleka kondoo na kukuta mnyororo na kufuli. Jirani amekaa ndani ya pikapu upande wa pili wa uzio wa waya. Anawatazama. Kondoo wanafia pale pale, pua zao kwenye waya, maji wanayaona. Familia inauza shamba na kuhama.

Jirani hana jina. Watoto kitabuni wanamwita Kofia, kwa ajili ya kofia yake ya manyoya ya sungura, yenye tundu la moto kwenye ukingo, upande wa kushoto.

Kofia hiyo naijua. Naiona kila Ijumaa kwenye foleni ya bucha. Iko kichwani mwa Mzee Alf Kiernan.

Nimemwendea Des. Mume wangu kazaliwa hapa, mimi wa kuja tu. Alikuwa anakata kucha. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hao ni kina Merrett, walihama mwaka ule, walikuwa na binti mwembamba, Betty, aliyekuwa akisoma hata juu ya farasi. Nikamwambia, Betty ni kifupi cha Elizabeth, huyo ndiye Elizabeth Sandow! Akafikiri kidogo. Akasema huenda. Nikamuuliza ni kweli Mzee Alf alifunga lango. Akasema kila mtu anajua alifunga. Basi mbona sijawahi kusikia, miaka yote hii? Akasema watu hawaongei habari ya bwawa. Akaendelea na kucha zake.

Nimefunika vitabu vyote kwa mikono yangu na sikufungua hata kimoja! Mkutubi gani huyu?

Nikimzuia mgeni, nitamwambia nini Rodney? Nisipomzuia, Mzee Alf atakaa kiti cha mbele, umri huo, asomewe ubaya wake mbele ya mji mzima. Na wajukuu wa watu wakimwangalia kofia.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimedanganya. Nimewaambia watoto vitabu vina kurasa zilizorukwa kiwandani, wavirudishe. Wamerudisha, kwa kunung'unika. Sasa viko kabatini kwangu, nimevigeuza ili migongo isionekane, kama vile vyenyewe ndivyo vyenye kosa.

Kimoja hakijarudi. Cha Tilly.

Jumatano, 9 Agosti

Nimemshika Tilly wakati wa mapumziko. Nikamuuliza kitabu kiko wapi. Akasema hawezi kukirudisha, hawajamaliza.

“Hamjamaliza wewe na nani?”

“Mimi na Babu. Macho yake hayafai siku hizi. Namsomea kwenye banda la mashine, kila jioni nikitoka shule.”

Nikakaa kwenye kiti cha watoto wa chekechea, magoti yakanifika kidevuni. Nikamuuliza Babu anasemaje.

“Hasemi. Ananiambia nirudie tu.”

“Urudie wapi?”

“Pale pa lango. Tumepasoma mara nyingi sana, Bi Pascoe. Mimi nataka kujua mwisho.”

Sikumuuliza kama anaijua kofia. Hakuonekana kuijua. Au anaijua na anamlinda. Watoto wa mashamba wanajua kunyamaza kabla hawajajua kusoma.

Alhamisi, 10 Agosti

Usingizi hakuna. Des ananiambia niache, yatapita. Yatapita kwenda wapi?

Nimempigia mwandishi mwenyewe. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikayapoteza yote aliposema haloo. Nikamwambia tu kwamba Alf Kiernan yuko hai, kwamba atakaa mbele, na kwamba mwanawe ndiye aliyechoma soseji zinazomleta.

Akasema alidhani mzee huyo amekufa. Alisikia hivyo, zamani. Alipoona jina la shule yetu alikubali kabla wakala wake hajamaliza kusoma barua, alitaka kusimama mara moja tu mbele ya watoto wa Kulkarra kama mtu, si kama wale waliohama. Lakini hakuandika ili mzee wa miaka themanini na kitu asutwe mbele ya wajukuu. Akasema labda asije.

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naiomba! Nilipaswa kusema asante, pole, kwaheri. Nikasikia mdomo wangu ukisema, “Njoo tu, dada.” Sijui ulitoka wapi huo udada.

Akasema atafikiri.

Jumatano, 16 Agosti

Rodney alikuja na mbao za jukwaa. Hakucheka. Mzee hali vizuri, anasema. Anashinda kwenye banda la mashine, anapekua masanduku, lakini ameuliza mara tatu mgeni anakuja siku gani. Kisha akafunga mlango wa maktaba kwa mgongo wake.

“Mama Vitabu, kuna nini kwenye hicho kitabu?”

Nilikuwa na uongo tayari. Kurasa zilizorukwa, kiwanda na kadhalika. Nikamtazama usoni, ukanikwama. Nikafungua kabati, nikampa nakala moja. Nikamwambia akisome, tena peke yake.

Akaiweka ndani ya jaketi na kuondoka. Mbao zake ameziacha katikati ya sakafu. Watoto wanaziruka.

Ijumaa, 18 Agosti

Kimya kwa Rodney. Kimya kwa mwandishi. Mwalimu mkuu kanikumbusha hotuba ya kukaribisha iwe fupi na ya kuchangamsha. Nimemwambia sawa.

Nimekula mikate ya maziwa yote ya chumba cha walimu.

Jumapili, 20 Agosti

Ujumbe kwenye simu: “Nakuja. Bet.” Basi. Si Elizabeth, ni Bet.

Nikamwonyesha Des. Akavaa viatu, akatoka kwenda kuosha gari letu, ambalo halijaoshwa tangu mavuno. Hiyo ndiyo lugha yake. Nimemwonea huruma, na mimi nimejionea.

Jumanne, 22 Agosti

Nimemkuta Rodney maktaba baada ya kengele, amepiga magoti, anagongomea jukwaa. Sikujua nisalimie vipi. Nikashika upande wa pili wa ubao.

Kisha, misumari ikiwa mdomoni, akasema walikaa dawati moja, yeye na Betty Merrett. Walikuwa na miaka kumi. Kesho yake baada ya lango kufungwa, nafasi yake ilikuwa bado ina joto, ndivyo alivyosema, na yeye alijisogeza pembeni kumwachia, lakini hakurudi tena. Akatoa misumari mdomoni.

“Hakuandika kwamba mnyororo nilimshikia Baba mimi. Na aliniona.”

Nikamuuliza, basi kesho tufanye nini? Mzee asije? Nimpe mgeni kitabu kingine asome?

Akasema baba yake keshanyoosha shati. Hajawahi kumwona baba yake akinyoosha nguo, tangu mama afariki wala kabla. Akasema si yeye atakayemwambia abaki nyumbani. Akagonga msumari wa mwisho, akapima jukwaa kwa mguu kama liko sawa. Lilikuwa sawa. Akapima tena.

Nimerudisha vitabu vyote kwenye meza ya maonyesho, migongo nje. Nimechoka kuvificha.

Jumatano, 23 Agosti

Naandika stoo, kati ya gundi na karatasi za rangi. Chakula cha mchana. Nisipoandika sasa sitaamini baadaye.

Gwaride la Wiki ya Vitabu lilianza vizuri. Watoto wote wamevaa kama watu wa vitabuni, isipokuwa nusu ya wavulana waliokuja na jezi za mpira na kuapa kwamba kuna kitabu cha mchezaji huyo. Wachawi, maharamia, kondoo mmoja wa pamba aliyekuwa akinyonyoka. Wazazi uwanjani, mablanketi mapajani, pumzi zinafuka kwa baridi. Mzee Alf kiti cha mbele. Shati limenyooshwa kweli, mikunjo miwili mahali pasipo pake. Kichwa wazi! Mara yangu ya kwanza kumwona bila kofia. Paji lake jeupe kama la mtoto.

Mgeni alisimama kando yangu. Ni mwembamba bado. Alikuwa amemwona mzee, na hakuondoa macho.

Ndipo darasa la sita likatoka, na Tilly wa mwisho.

Koti la mvua la mtu mzima, linaburura chini. Kofia ya manyoya ya sungura, imemfika kwenye nyusi, tundu la moto upande wa kushoto. Na shingoni, kwenye kipande cha mnyororo, kufuli. Kubwa, la zamani, limepakwa mafuta mpaka linang'aa.

Uwanja ulinyamaza. Si watoto, wao walikuwa wanapiga makofi. Wazee. Kila mtu mwenye zaidi ya miaka hamsini alitazama chini. Nikaona Des anatazama viatu vyake.

Mwalimu mkuu, asiyejua lolote, akamsogezea kipaza sauti. Wewe ni nani leo, Tilly?

“Mimi ni Kofia. Wa kwenye kitabu cha mgeni.” Akalishika kufuli. “Babu ndiye aliyenivalisha. Amesema nipite polepole, na nisimame mahali ambapo mgeni ataniona.”

Akasimama. Mgeni akaziba mdomo kwa mkono. Rodney alikuwa nyuma ya jiko la soseji, koleo hewani, vitunguu vinaungua, hakuna aliyemwambia.

Mzee Alf akainuka. Ilimchukua muda. Akamvua mjukuu wake mnyororo ule, taratibu asimvute nywele, akauweka kiganjani. Kisha akaja upande wetu. Nilidhani atasema kitu. Aliniuliza mimi, si mgeni, kama maktaba iko wazi.

Nikasema iko wazi.

Wako humo sasa, wawili tu. Nawaona kwenye kioo cha mlango wa stoo. Hawakulijali jukwaa la Rodney, wamekaa kwenye vile viti vya chekechea, magoti juu. Kufuli liko mezani katikati yao, juu ya vitabu vyangu. Yeye Bet analitazama. Mzee anatafuta ufunguo, nadhani: anaingiza mkono mfuko wa suruali, anautoa mtupu, anajaribu mfuko mwingine.

Kengele imelia. Darasa la tatu wako nje, wananigongea kioo cha mlango wa maktaba, wanataka mwandishi wao. Tilly yuko mbele yao, amenyoosha mikono mlangoni, hamruhusu mtu kupita. Ananitazama mimi.

Rodney kaja, bado ana koleo. Amesimama nyuma ya watoto. Ananiuliza, kwa midomo tu, kama aingie.