Karatasi Nyeupe ya Manong Melchor

Cuyo, Palawan
14 Juni 2015

Mpendwa mdogo wangu Delfin,

Pokea salamu za nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Jeddah halijakurudishia yale maumivu ya kichwa. Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, ila goti lake la kushoto linamsumbua tangu mvua zianze.

Korosho mwaka huu hazikuwa nyingi. Paa la jikoni tulilibadilisha mwezi wa tatu na sasa halivuji.

Mimi nimeacha kufundisha sayansi shuleni. Nilikaa wiki sita Puerto Princesa nikisomea ukufunzi wa sola, nikarudi na cheti cha kufundisha mafundi. Vitabu tulivyopewa ni vya Kiingereza, kwa hiyo nimevitafsiri kwa Kikuyonon, lugha yetu, sura moja baada ya nyingine. Wanafunzi wangu wa kwanza walikuwa tisa, na mmoja wao alikuwa kaka yetu, Manong Melchor.

Unajua kwamba nusu ya sola za kisiwa hiki amezifunga yeye, pamoja na ile inayoendesha friji ya chanjo pale zahanati. Sasa limekuja agizo kwamba asiye na cheti asiiguse tena. Akaja darasani, akakaa nyuma amekunja mikono, hakuandika hata neno. Nilidhani ni kiburi cha fundi mzee. Kwenye vitendo hakuna aliyemfikia. Alikuwa akipitisha kidole juu ya waya anakuambia wapi pamelegea, na tukipima tunakuta ni pale pale.

Mtahini alitumwa kutoka Puerto Princesa, mhandisi kijana anayeitwa Ludivina Favila. Kwa kuwa Manong ni ndugu yangu, sikuruhusiwa kukaa chumbani. Wanafunzi wengine walinisimulia baadaye: saa ya kuandika ilipokwisha, Ludivina akamwambia kwa adabu kwamba karatasi yake imebaki nyeupe.

“Maswali yenyewe hayana waya,” Manong akamjibu. “Ningeshika wapi?”

Wenzake wakacheka. Yeye akachukua kofia yake akaondoka. Akafeli.

Kesho yake asubuhi nilimfuata kwake. Nilimkuta akibangua korosho na mkewe, Manang Pilar, na nilikuwa nimekwenda kumgombeza. Nilimwambia amenitia aibu mbele ya mgeni. Hakuinua macho.

“Senyang, mimi sijui kusoma,” akasema. “Nilikuwa darasa la kwanza baba alipovunjika mguu. Nikatolewa shule nilime na nyati wetu wa kufugwa. Mguu ulipopona, wewe ulikuwa umeanza shule na Delfin anafuata. Mtu alihitajika shambani.”

Manang Pilar aliendelea na korosho zake. Yeye alikuwa anajua. Mimi, niliyefundisha miaka ishirini na sita, nimekula naye meza moja kila Jumapili na sikujua. Nikaketi nikawasaidia kubangua.

Nilimweleza Ludivina. Akasema kanuni zinaruhusu maswali ya maandishi yaulizwe kwa mdomo, kwa lugha ya mtahiniwa. Kitu kimoja tu hakina msamaha: fundi lazima aandike kwa mkono wake kibao cha onyo cha maneno matatu kando ya swichi kuu, kwa sababu siku moja atakuja mwingine kutengeneza, na asipoonywa anaweza kufa.

Nilitaka nimfundishe maneno hayo matatu tu, basi. Manong akakataa. Akasema akijifunza matatu atakuwa ameiba cheti. Kwa hiyo tukaanza na herufi, kila siku baada ya kazi, kwa wiki kumi na moja, tukitumia ile tafsiri yangu. Si mwanafunzi mvumilivu. Mara mbili alikitupa kitabu uani, mara zote mbili akakifuata mwenyewe. Ukurasa wa betri aliusahihisha, akasema nimeandika mambo ya mtu ambaye hajawahi kubeba betri. Na alisema kweli.

Alirudia mtihani tarehe tatu mwezi huu. Mimi nilikaa nje tena. Manang Pilar aliniambia niache kuzungukazunguka, namweka roho juu. Maswali aliyajibu yote. Kibao alikiandika mara mbili, kwani cha kwanza herufi moja ilitazama nyuma na Ludivina hakukikubali. Cha pili kilisomeka: ZIMA HAPA KWANZA. Amefaulu, na funguo za chumba cha betri pale zahanati amerudishiwa.

Sasa jambo linalokuhusu. Umemnunia Manong miaka mingi kwamba ulimwandikia barua kumi na moja ulipofika huko na hakujibu hata moja. Zote anazo, ndani ya mkebe wa biskuti. Hakumpa mtu amsomee, maana ulimwandikia yeye. Wiki iliyopita alianza ya kwanza. Jana alifika kwenye ya tatu, ile ambamo unamuuliza kama anakukumbuka, akaniomba karatasi na kalamu.

Mama anakusalimu, Manang Pilar anakusalimu, na wanafunzi wako wa zamani wa ngumi wanauliza utarudi lini. Mungu akulinde kazini na njiani.

Karatasi ya pili ndani ya bahasha hii imetoka kwake. Sikuisahihisha.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Senyang