Siku za Kimya Pia, Mama

Jumapili, 2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kukawia kuandika. Nikishika kalamu, usingizi unanishika mimi. Mgongo unaendeleaje? Na Kibonge wangu, jino limetoka?

Uliuliza kazi gani hii isiyoisha. Nashughulika na mapovu. Mradi ukiendelea, nitapewa nyumba, nije nimchukue mwanangu. Mkuu wa kituo anataka tuonyeshe kwa nini jioni moja mapovu yanajaa na ya pili hakuna kitu. Tukishindwa, kituo kinafungwa.

Mwanao

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, haujanihama. Jino limetoka, na cha kwanza kung'atwa ni kidole changu.

Ila mapovu! Tulikusomesha ukafue nguo za watu? Nguo chafu hata hapa zipo, rudi umfulie mwanao. Tena jana kaniita mimi "mama".

Mama yako

Jumatatu, 17 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimecheka, halafu nilipofika kwenye hilo neno la mwisho nikalia.

Si ya sabuni, Mama, kituo chetu kinachunguza anga. Jua likizama, tabaka la hewa yenye umeme huko juu kabisa, kupita wanakofika ndege, hupanda. Jioni nyingine huchipua mapovu makubwa, mawimbi ya satelaiti yakipita humo yanatetemeka, na mitambo ya kuongozea ndege inababaika. Kesho yake jua ni lilelile, na juu shwari. Tunashuku mawingu ya radi: yakichemka mchana yanasukuma hewa juu, huenda ndiyo yanayoyachokoza mapovu. Radi zinapiga upande wenu, huku kukavu. Niandikie zinaponguruma.

Mwanao

Jumanne, 1 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, hatujambo. Haya, radi zako: Ijumaa, Jumapili, na Jumatatu jana, hiyo hata sufuria zilitetemeka. Siku nyingine sikuandika, hakukuwa na kitu. Sasa inatosha? Mtoto anakua, hakungoji.

Mama yako

Jumapili, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Pole na sufuria.

Jumatatu, baada ya radi yako, mapovu yalijaa. Lakini Jumapili radi ilipiga na juu kukawa shwari, kwa sababu tabaka lilipanda kivivu. Jumatatu lilipanda kwa kasi. Kwa hiyo radi peke yake haitoshi. Mkuu alipoona hivyo alivuta kiti akakaa. Katupa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Ila hizo siku ulizoziruka ndizo zinazonikwamisha: mkuu hakubali "hakukuwa na kitu" bila tarehe. Nitajuaje kama mapovu huja hata pasipo radi? Sirudi, Mama, usiniambie tena. Nakuja kumchukua. Kabla ya hapo nitumie:

kila siku ya mwezi huu, na isiyo na radi uandike "kimya";

radi ilianza mchana au jioni;

unyayo wa Kibonge, uuchore kwenye karatasi, nimnunulie viatu;

akikuita "mama", umwonyeshe picha yangu, uniandikie alivyofanya;

na shuka analolalia. Hilo usilifue.

Mama Kibonge