Leseni ya Dada Ylva na Mdomo Wangu

Jumapili, 14 Agosti

Jana karamu ya kamba wa mtoni kwa Mjomba Göte. Watu wazima na kofia za karatasi, wananyonya miguu ya wadudu — na kabla ya kila kiglasi cha pombe kali, wimbo. Mjomba anajua nyimbo nyingi mno. Dada Ylva aliimba zote.

Mimi sikugusa. Nilikuwa dereva! Nani mwingine mkoa mzima wa Hälsingland ana trekta kama yangu? Volvo kuukuu, nyuma nimeikata mwenyewe, injini imebanwa isizidi kilomita thelathini kwa saa, pembetatu nyekundu ya mwendo wa polepole mgongoni. Serikali inasema ni trekta, kwa hiyo hata mtu aliyeanguka mtihani wa leseni ya gari (mtahini alikuwa na wivu) anaendesha. Wasichana wanasema inapendeza. Wawili. Mmoja binamu.

Njiani kurudi nyumbani Ylva akanisukuma. Toka hapo, dogo, hii si gari, konokono wanatupita! Nikampa usukani. Mbele ya kituo cha mafuta — polisi. Puliza hapa. Akapuliza. Afande akakitazama kidude, akamtazama yeye.

Ylva, kofia bado kichwani: "Usihofu, afande, mimi nesi. Mkono wangu hautetemeki hata nikinywa."

Nami, bingwa wa mdomo: "Kweli kabisa! Juni alinishona kidevu akiwa hivihivi!"

Nilicheka mpaka machozi. Afande hakucheka. Aliandika.

Jumatatu, 15 Agosti

Mama anasugua sufuria ileile tangu asubuhi. Mjomba Göte kapiga simu: trekta si gari, watamwachia tu. Mjomba hajui kitu. Kulewa ni kulewa, hata ukienda mwendo wa bata.

Ylva kaongea na mtu wa chama chao cha wauguzi. Akarudi mweupe kama jibini. Kumbe mahakama siyo mwisho! Kuna watu huko juu wanaoshika leseni za manesi, na wanataka kujua hata ulichofanya siku ya mapumziko.

"Lakini hukuwa kazini!"

"Leseni siivui na sare, bwege wewe."

Kulewa kwenye usukani, labda onyo, labda watamchunguza kwa muda. Lakini kumshona mtu umekunywa? Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kwa kosa hilo wanaweza kumnyang'anya leseni kabisa.

"Halafu nifanye nini? Niuze soseji?"

Nikamwambia soseji zinalipa. Kanirushia kiatu. Kimenipata.

Jumanne, 16 Agosti

Afande kapiga simu. Alhamisi anataka maneno yangu. Maneno! Amekuja duka lenyewe.

Jumatano, 17 Agosti

Uongo umeiva. Nilitania tu, afande. Kidevu nilishonwa Norway, kambi ya wavuvi, na daktari mzee Torbjørn. Marehemu sasa, hawezi kuulizwa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni mpaka nikifika pale alipokufa nasikitika mwenyewe.

Ylva alikuwa mlangoni.

"Torbjørn ndiye nani?"

"Mwokozi wako. Sema asante."

Akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Hakunirushia kitu — nikaogopa.

Viglasi, akasema, pengine watanisamehe. Lakini wakinikamata na uongo, kila dawa niliyowahi kuandika kwamba nimempa mgonjwa wataitilia shaka.

"Tulia, dada. Mdomo ni wangu."

"Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, Melker."

Hana shukrani. Torbjørn anabaki.

Alhamisi, 18 Agosti

Kituo cha polisi, kwenye korido, naandika gotini. Nilimleta Ylva kwa trekta. Foleni nyuma yetu mpaka kanisani, honi kila upande, yeye kajikunja kitini asionekane. "Huwezi kukanyaga zaidi?" Nimekanyaga mpaka chini, dada!

Kaingia kwanza. Mlango haufungi vizuri. Sisikilizi — nasikia tu.

Ya Jumamosi kayasema yote. Viglasi, usukani, kofia. Afande kauliza kama kuna lingine.

Sema hapana. Sema hapana!

Lipo, kasema. Mwezi Juni. Kidevu cha mdogo wangu, meza ya jikoni. Afande: ulikuwa umekunywa? Bia tatu, labda nne. Kalamu inakwaruza. Halafu yeye tena — na uzi niliuchukua wodini, bila kuomba.

Uzi! Nani kauliza uzi?

Kiti kimesogezwa. Afande kasimama mlangoni, macho kwenye kidevu changu. "Melker Hedlund? Ingia." Ylva nyuma yake, macho mekundu, hanitazami. Namwambia afande namalizia mstari tu. Uongo ninao kichwani, umenyooka kama umepigwa pasi. Ukweli sijaufanyia mazoezi hata mara moja