Shuka za Mama

Kwako kaka,

Sisi wazima. Paka amezaa watatu, na lile bomba la uani limeacha kuvuja.

Fomu yako imefika. Kumbe jiji limeamka: sasa nyumba inayokodishwa kwa wageni wa mtandaoni, lazima mwenyewe aishi humo humo na atie sahihi. Ndiyo maana umemkumbuka mama! Ulipomhamishia stoo ili chumba chake kipigwe picha, hukuhitaji sahihi yake. Mgeni wa juzi akaandika kwamba nyumba ni safi, ila kuna bibi anakohoa, akatoa nyota tatu. Nawe ukanipigia simu kuulizia nyota, si kikohozi. Huna haya!

Wageni wako hutoka saa nne asubuhi. Leo saa nne nimemkuta mama stoo ametandua kitanda chake, amekunja shuka, amekaa kando ya begi lake. Akaniuliza, "Mwanangu, mgeni wa chumba hiki anaingia saa ngapi?"

Fomu nairudisha humu, tupu. Sahihi njoo uiombe mwenyewe. Na ukifika, ubishe hodi stoo.

Dada yako