Siku Niliyoshindwa Kumwinua Mama

Jumatano, baada ya swala ya Alasiri. Garissa leo inachoma, na upepo ni vumbi tupu.

Ni mwezi wa nne tangu nianze sindano ya kupunguza uzito. Daktari aliniandikia kwa sababu ya kisukari na magoti. Kila Alhamisi asubuhi najichoma tumboni, kisha naficha dawa ndani ya friji, kwenye mfuko mweusi chini ya mboga, Mama asiione. Mama alikuja kutoka Habaswein mwezi uliopita kutibiwa nyonga. Kwake yeye, mwanamke akikonda kuna msiba.

Sasa niseme nilichomficha kila mtu.

Daktari alinionya mapema: nile kidogo lakini nile, hasa mayai, nyama, maharagwe na maziwa, na nifanye mazoezi ya kubeba na kuinua vitu, si kutembea tu. Nilimwitikia. Lakini dawa ilipoondoa njaa, nikaona nimepata njia ya mkato. Siku nyingi nashinda na chai ya rangi na nusu ya canjeero, ule mkate wetu mwembamba. Kila daktari akiuliza kwa simu, namwandikia kwamba nakula vizuri.

Nilikuwa namdanganya. Kitu pekee nilichokuwa nakisikiliza ni mizani.

Jana sikula kitu. Leo baada ya Alfajiri nikatembea saa nzima, hadi darajani na kurudi, nikafika nyumbani kichwa kinazunguka. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini niliposikia kishindo bafuni.

Mama alikuwa ameteleza. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mguu mmoja umekunjika chini yake. Hakulia. Aliniambia hadhani amevunjika, nimsaidie tu asimame.

Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikavuta. Mama ni mwembamba, mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Hakuinuka. Nikavuta tena. Macho yakaingia giza, na nilipozinduka nilikuwa nimekaa kando yake kwenye maji.

Mwaka jana nilikuwa nabeba mtungi wa lita ishirini kila mkono.

Simu ilikuwa chumbani. Mlango wa nje nilikuwa nimeutia komeo. Nikawaza, nikizirai hapa, nani atatufungulia? Basi nikatambaa. Nilitambaa ndani ya nyumba yangu mwenyewe hadi mlangoni, nikafungua komeo, nikamwita jirani yangu Dahabo. Dahabo amenizidi miaka kumi, na ule mwili wake mnene nilikuwa nikiuonea huruma kimoyomoyo. Alimwinua Mama kama mtu anayeokota shuka.

Hilo limeniuma kuliko kizunguzungu.

Dahabo alipoondoka, Mama alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilizunguka vikakutana, nafasi ikabaki.

"Hooyo," akaniambia, vile mama zetu wanavyowaita watoto wao, "una ugonjwa gani unaonificha?"

Nikamweleza yote: kisukari, magoti, sindano, hata uongo kwa daktari. Nilingoja anilaumu. Badala yake akasema amekuwa akinisikia nikitapika asubuhi, na kila swala amekuwa akimwomba Mungu amchukue yeye kwanza.

"Nilidhani nimekuja Garissa kukuzika."



Mchana Dahabo alitupeleka zahanati. Alhamdulillahi, Mama hajavunjika, ni michubuko tu. Muuguzi alinitazama, akaamua kunipima na mimi. Sukari ilikuwa imeshuka. Alininywesha maji ya sukari, akanieleza bila ukali kwamba sikupunguza mafuta peke yake, nimepunguza na misuli, ndiyo maana mikono haina nguvu. Akaniambia kesho nisijichome kabla ya kuzungumza na daktari wangu.

Tuliporudi, Mama alikataa kulala. Alinielekeza nichemshe mayai mawili, akaketi mbele yangu nikila. La kwanza limenichukua nusu saa. Hakunisihi wala hakunikemea. La pili bado liko kwenye sahani, naye bado ameketi.

Kesho asubuhi nitampigia daktari, nimhesabie siku zote nilizoshinda na chai. Pengine atanipunguzia dawa, pengine atanisimamishia. Mazoezi ya kuinua nitaanza na chupa mbili za maji, kwa sababu leo sidhani naweza zaidi.

Lakini kuna jambo moja linalonitisha kuliko hayo yote. Muuguzi aliposema nisijichome, Mama alikuwa kitandani pembeni yangu, mguu umefungwa bendeji. Wazo langu la kwanza halikuwa yeye.

Lilikuwa kilo zangu kurudi.

Hilo nalo nitamwambia daktari. Nitaanza nalo.