Chupa Moja Kila Kundi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu zikufikie hapo ulipo. U hali gani, na kazi mpya inakwendaje? Sisi tunavuta pumzi, na Mama pia, ingawa juzi nusura nikuandikie maneno mengine. Simu zangu hupokei, basi soma.

Juzi Mama aliingizwa kwa upasuaji hospitalini hapa kwetu, ninapotunza kompyuta. Daktari alisema haanzi mpaka ahakikishiwe damu ya kundi lake. Muuguzi akafungua ule ukurasa wetu mpya wa benki ya damu, akanionyesha kuwa ipo chupa moja, nitulie. Nikatulia. Kisha jicho langu, unajua lilivyo na umbeya wa hesabu, likashuka chini. Kila kundi, chupa moja. Damu gani inayopungua kwa usawa kama peremende za mapacha?

Mama alikuwa ameshaanza kusukumwa kwenda ndani. Nikamwomba muuguzi akaangalie jokofu kwa macho yake. Akasema kompyuta haidanganyi.

“Sista, hiyo kompyuta anayeipikia ni mimi. Nenda.”

Akaenda akisonya, akarudi mbio. Damu ya kundi la Mama haikuwepo hata tone. Kitanda kikarudishwa kutoka mlangoni, kikangoja mpaka mjomba alipokuja kutoa yake.

Nikauzima ukurasa palepale bila ruhusa, nikaikagua programu. Kanzidata, ile ghala ya taarifa, ilikuwa ikijibu sawasawa. Ukiiuliza chupa ni ngapi, hurudisha safu moja tu, yaani mstari mmoja wa jibu, na idadi imo ndani yake, hata ikiwa sifuri. Aliyeandika hakuisoma idadi, alihesabu safu. Ni kama kumtuma mtoto akahesabu kuku, akirudi useme kuku ni mmoja, kwa kuwa mtoto karudi mmoja.

Kwa kuuzima ukurasa, mkuu wa hospitali amenisimamisha kazi. Mimi niliyejifunzia kwenye kompyuta ya kuazima, leo naitwa mharibifu. Akataka nimtaje aliyeandika.

Nimekutaja.

Si kwa kulipiza. Ulipoaga kazi hapa kwetu ulijigamba kwamba kazi ile umeinakili kwa hospitali nyingine, ukacheka, ukakataa kunitajia. Mimi sizijui. Huko nako wamelala mama za watu, na muuguzi anawaambia ipo chupa moja.

Watakupigia kutoka hospitali. Zitaje zote, hata kama kazi hiyo mpya itakuponyoka. Hasira zako nitazipokea baadaye.

Mama anakusalimu sana; hajaambiwa kitu. Mjomba naye anakusalimu. Shemeji yako aliyekuletea barua hii nimemwagiza asibanduke hapo mlangoni mpaka simu yako ilie, na akuone unaipokea.

Ni mimi,
Dada yako